Leza, samadari na jicho langu la kushoto

Bibi yetu alipofariki aliacha vitu vitatu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvigawa: kinu, sinia ya shaba na kitanda cha samadari. Kitanda kiko Ng'ambo, mjini Unguja, hadi leo, chumba cha ndani, miguu yake mirefu iliyokerezwa, na kichwani kina vioo vilivyochorwa maua mekundu pembeni. Kioo cha katikati ni kitupu. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukipanda kitandani kwenda kutazama meno yetu yaliyong'oka. Kioo hicho hicho ndicho kilichonirudishia leza jichoni.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, mwaka juzi. Binamu yangu aishiye Maskati alikuja na masanduku mawili: halua, udi, kanzu za watoto, na kijisanduku cheusi kilichotandikwa sifongo ndani. Juu ya sifongo imelazwa leza ya mkononi, kitu mfano wa tochi nene ya chuma, betri yake kando, vichwa vidogo vya kubadilisha ili mwanga utoke na mapambo, na miwani ya plastiki ya kijani. Ilikuwa zawadi ya mtoto wa kaka yangu, ana miaka 12. Kibandiko cha manjano ubavuni kilisema nguvu yake haizidi miliwati 5.

Binamu akachomeka njiti ya kiberiti kwenye ganda la chungwa, akaliegemeza ukutani uani, akarudi nyuma hatua nne, akabonyeza. Njiti ikawaka. Watoto wakaruka kama waliofunga goli. Mimi nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha fundi. Nina kibanda cha kutengeneza simu karibu na Darajani. Volti na wati ndizo zinazonilisha. Nilijua miliwati 5 haziwashi kiberiti hata ukingoja mpaka alfajiri. Kwa hiyo nilijua kuwa kibandiko kinasema uongo, na ujuzi huo badala ya kunitia hofu ukanipa kiburi. Nikamnyang'anya mtoto: "Lete hapa, hiki si cha watoto."

Baada ya Isha umeme ukakatika. Tukawa chumba cha bibi, watoto saba wamekaa mkekani wamenizunguka, na chetezo kinafuka pembeni. Nikawapa somo kwanza. Msitazame tunduni, msimmulike mtu, wala paka. Kisha nikawaonesha mwale unavyopita kwenye moshi wa udi. Siwezi kukataa, mwale wa buluu ndani ya moshi wa udi ni kitu kizuri: kama uzi uliovutwa ukakaza, kutoka kiganjani hadi ukutani. Nikauzungusha taratibu. Ukapita juu ya ukuta, ukapita kwenye mlingoti wa chandarua, ukaingia kwenye kioo cha samadari.

Sikusikia maumivu yoyote. Ilikuwa kama mtu amenipiga picha ya flashi karibu na uso, upande wa kushoto tu. Nikaachia kitufe. Mtoto wa kaka yangu akasema, "Ami, umejimulika."

"Hapana," nikamwambia, "ni kioo tu."

Yanayofuata niliyajua baadaye, kwa hiyo nayaandika kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa baada ya kuimeza. Mwanga wa balbu hutawanyika pande zote, na unaoingia kwenye mboni yako ni chembe tu ya ule uliotoka. Leza haitawanyiki hivyo. Mwale wake mwembamba unaweza kuingia wote kwenye mboni, na lenzi ya jicho, ikifanya kazi yake kwa uaminifu, inaukusanya mpaka uwe nukta yenye upana wa maikromita 10 au 20 kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Unywele ni mnene kuliko hapo. Kutoka mboni hadi retina ukali wa mwanga huongezeka kiasi cha mara 100,000. Kila aliyewahi kuchoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia anaijua hesabu hii; hapa kioo cha kukuzia kimo kichwani mwako, na karatasi pia.

Giza nalo likaongeza. Kwenye mwanga wa mchana mboni ina upana wa milimita 2 au 3. Gizani inatanuka hadi kama 7. Umeme ulipokatika, mboni zetu zote kumi na sita, zangu na za wale watoto saba, zilikuwa wazi kama milango ya Idi. Tunachagua giza kwa sababu ndimo leza inamopendeza, na jicho linachagua giza hilo hilo kujifungua.

Waliopanga viwango vya usalama walipiga hesabu kwamba mtu akipigwa na mwanga mkali atapepesa au atageuza uso ndani ya robo sekunde. Ndiyo maana leza ya daraja la 2, isiyozidi miliwati 1, inachukuliwa kuwa haina neno ikikupiga kwa bahati mbaya: kope inafika kabla ya madhara. Daraja la 3R linaishia miliwati 5. Kutoka hapo hadi 500 ni 3B. Juu ya 500 ni daraja la 4, ambalo hata doa lake lililopiga ukuta mkavu si la kukodolea macho kwa karibu, achilia mbali kwamba linachoma ngozi na linaweza kuwasha pazia. Sikuwa na kipimo cha kuipima zawadi ya binamu, lakini kitu kinachowasha kiberiti kwa hatua nne ni 3B kwa uchache, kama si 4. Wati moja ni miliwati 1,000, na robo sekunde ya kupepesa iliwekwa kwa ajili ya miliwati 1. Kwa nguvu hizo, kope inafunga mlango mwizi keshatoka.

Siku ya tatu nikafungua kibanda. Mteja wa kwanza simu yake haichaji. Nikaifungua, nikaweka tundu la chaji chini ya hadubini, jicho la kushoto kwenye lenzi, nikaanza kukagua vipini. Vipini vya tundu lile vimepangwa safu moja kama meno ya kitana, na mimi nimevilehemu mara nyingi mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Kimoja hakipo. Nikadhani kimekatika. Nikasogeza simu kidogo, kile kilichopotea kikarudi, kikapotea cha jirani yake.

Nikaondoa uso kwenye hadubini, nikafumba jicho la kulia, nikatazama kalenda ukutani. Nikiitazama 14, 15 ya jirani haipo. Nikiitazama 15, inarudi, na 16 inakwenda zake. Nilitegemea kwamba mtu akiungua jicho ataona kitu cheusi. Halikuwa jeusi. Lilikuwa rangi ya karatasi yenyewe, kama mtu kaifuta tarehe kwa ufutio kwa uangalifu mkubwa. Ubongo haupendi tundu; pasipoonekana kitu unapaka rangi ya jirani. Na ukifungua macho yote mawili, jicho zima linamfunikia mwenziwe, hutambui kitu. Ningekuwa mvuvi au dereva huenda ningemaliza miezi bila kujua. Hadubini ndiyo iliyonisema.

Nikanyamaza siku kumi na moja. Sababu ni aibu, sina nyingine. Fundi mzima, miaka 41, nimejipiga jicho kwa mchezo wa mtoto mbele ya watoto niliokuwa nawafundisha kujihadhari. Nikajiambia litapona lenyewe. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini nasoma ujumbe wa simu huku nimeinamisha kichwa pembeni kama kuku anayemtazama mwewe. Nikashindwa kujibu, tukaenda hospitali.

Daktari wa macho alinitia matone ya kutanua mboni, akamulika, kisha nikapigwa picha ya retina, ile inayoonesha tabaka zake moja baada ya moja. Kwenye skrini zilionekana kama chapati iliyokatwa ubavu. Karibu na katikati, tabaka la chini lilikuwa limekatika, pengo dogo kama tundu la sindano. Karibu na katikati, si katikati yenyewe. Daktari alisisitiza hilo na mimi nimelishika kama hirizi. Katikati kabisa ndipo pa kusomea, pa kutambulia sura ya mtu, pa kutungia uzi kwenye sindano. Aliniambia retina haina neva za maumivu, ndiyo maana nilisikia flashi tu. Chembe za kupokea mwanga zikishakufa hazioti nyingine. Wapo wanaopata nafuu uvimbe ukishuka katika wiki na miezi ya mwanzo, wapo wanaobaki na kovu, na hakuna tone wala kidonge cha kurudisha kilichoungua. Yangu imebaki.

Kisha akanielekeza kwenye mashine iliyokaa kona. Ilikuwa leza pia, ya kijani. Kwayo anatibu watu wenye kisukari ambao mishipa ya damu ya macho yao imeanza kuharibika: anachoma makusudi vidoa vingi pembezoni mwa retina, miliwati mia moja au mia mbili hivi, kila kidoa sehemu ya kumi ya sekunde, ili aiokoe sehemu ya katikati. Anachoma kwa kupima, na pale katikati anapakwepa kama moto.

"Hii yangu iko ndani ya chumba chenye alama mlangoni, na msaidizi wangu anavaa miwani yake," akasema. "Yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye zawadi za Idi," nikamwambia. Hakucheka.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, kwa jicho moja. La kwanza lililonishika linatoka Riyadh. Madaktari wa hospitali ya macho ya King Khaled waliandika kuhusu wagonjwa 14 waliopigwa jichoni na leza za mkononi za buluu zenye nguvu kubwa. Wote 14 wanaume, wastani wa umri wao miaka 17. Wanne kati yao makula, yaani sehemu ya katikati ya retina, ilitoboka tundu kamili. Wengine damu ilivuja mbele ya retina. Kupigwa kwenyewe kulikuwa kwa mara moja, kufumba na kufumbua. Nikamtumia binamu. Akaniandikia kwamba kwao vijana wanazichukua jangwani wakienda kupiga kambi, na yeye mwenyewe hakuwahi kufikiria.

La pili ni la mtoto wa miaka 15 kule Uswisi, lililochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la tiba la New England. Aliagiza kwenye intaneti leza ya kijani ya miliwati 150. Akawa anapasulia maputo kwa mbali, anatoboa karatasi, anaunguza viatu vya dada yake. Siku moja akajitengenezea onesho la leza mbele ya kioo, na mwale ukampiga machoni mara kadhaa. Akaona ukungu hapo hapo, akaogopa kuwaambia wazazi, akakaa wiki mbili. Alipofika kwa daktari, jicho la kushoto liliweza kuhesabu vidole kwa umbali wa kama mita moja tu. Mimi na mtoto yule tumefanana kwa kila kitu: kioo, jicho, aibu. Nimemshinda siku tatu tu za kunyamaza.

Tangu hapo nimekuwa mchoshi kwenye mada hii, nakiri. Barazani wakiniona nakuja na picha kwenye simu wanabadilisha maongezi. Lakini kuna jambo moja linalohusu rangi ambalo hata mafundi wenzangu hawakulijua, na ningelijua mimi huenda ningeiogopa ile buluu. Tunapima nguvu ya leza kwa kuitazama inavyong'aa, na jicho ni shahidi wa uongo. Jicho letu huona vizuri zaidi kijani, karibu na nanomita 555 kwa kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Kijani cha kalamu nyingi za leza, nanomita 532, kimo karibu kabisa na kilele hicho. Buluu ya nanomita 450 jicho linaiona kwa shida, kiasi cha mara 20 na zaidi chini ya kijani hicho. Maana yake leza ya buluu ya wati nzima itang'aa machoni mwako kama ya kijani ya miliwati 40 na kitu. Unaona kitu cha wastani, huku kinachoingia jichoni ni tanuri. Na buluu haichomi kwa joto tu. Mwanga wa mawimbi mafupi unaidhuru retina kikemikali pia.

Kijani nacho kina siri yake, na hii nimeiona kwa mikono yangu. Kalamu nyingi za kijani za bei rahisi hazizalishi kijani moja kwa moja. Ndani mna diodi ya infraredi, mwanga usioonekana, ya nanomita 808, inayosukuma fuwele itoe nanomita 1064, nayo pia haionekani, kisha fuwele ya pili inakata mawimbi hayo katikati na ndipo 532 inapotoka. Baada ya hapo panatakiwa kichujio kidogo cha kuzuia infraredi iliyobaki. Nimezifungua kalamu tatu mbovu pale kibandani, betri nimezitoa kwanza. Mbili zina kichujio, moja haina kitu, tundu wazi. Mwaka 2010 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza kuhusu kalamu iliyotoa kijani hafifu huku infraredi yake ikiwa nyingi kuliko hicho kijani. Kijani hafifu! Mnunuzi akiiona anasema hii imechoka, mpe mtoto. Na infraredi jicho haliioni, kwa hiyo hata ile robo sekunde ya kope haipo. Hakuna cha kukuambia upepese.

Taasisi hiyo hiyo ilipopima kalamu 122 na kutoa matokeo mwaka 2013, karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 za nyekundu hazikutimiza masharti ya usalama ya nchi ile. Huko ni kwao, ambako sheria inaweka mpaka wa miliwati 5 na ina wa kuisimamia. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia "imeandikwa tano" namuuliza tano ya nani.

Nilikwenda kwa muuzaji mmoja wa vitu vya umeme mjini, ana sanduku zima la vitu hivi, za kijani na za buluu, kando ya chaja na vipokea sauti. Nikamuuliza ni za wati ngapi. Akanijibu kwa fahari, "Hizi kiboko, kaka, inafika Chumbe." Kisiwa cha Chumbe kiko kilomita kadhaa baharini. Sina ugomvi naye. Anauza kwa umbali kama wengine wanavyouza tochi. Lakini fikiria maneno yake kutoka upande wa pili. Leza ya wati 1 ambayo mwale wake unatanuka milimita 1 kwa kila mita bado inaweza kumdhuru jicho mtu aliye mita 200 na zaidi, kabla haijatanuka ya kutosha. Ukipita hapo haiunguzi tena, lakini inapofusha kwa muda, na ndege zinazotua Kisauni zinapita chini juu ya paa zetu. Mwale ukifika kwenye kioo cha mbele cha ndege si nukta tena. Unatapakaa kioo kizima, na rubani ndio kwanza anautafuta uwanja.

Mpira nao umetuzoesha. Machi 29, 2022, Senegal na Misri walipigiana penalti pale Diamniadio, na Mohamed Salah alipoweka mpira uso wake ulikuwa wa kijani kabisa, mialemiale kibao. Akapaisha. Barazani kwetu watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi nilicheka. FIFA iliwatoza Senegal faini ya faranga za Uswisi 175,000 kwa hilo na makosa mengine ya siku ile. Nimeitazama tena picha ile mwaka huu nikafumba jicho la kulia.

Sasa miwani. Ile ya kijani iliyokuja sandukuni ningeivaa ningekuwa na hali gani? Kioo cha rangi huonekana kwa rangi kinayoipitisha. Plastiki ya kijani inapitisha kijani, na haikuwa na maandishi yoyote ya kuniambia inafanya nini na buluu. Miwani ya kweli ya leza imeandikwa kwenye lenzi au fremu: mawimbi inayozuia, kwa mfano 190 hadi 540, kiwango chake cha OD, yaani cha kuzuia mwanga, na zinazouzwa Ulaya namba ya kiwango EN 207. OD inahesabiwa kwa sifuri: OD 3 inapitisha sehemu moja ya elfu, OD 4 moja ya elfu kumi. Kwa wati 1, OD 3 inakubakizia miliwati 1, OD 4 sehemu moja tu ya kumi ya hapo. Ya kuzuia buluu na kijani huwa ya machungwa au nyekundunyekundu; hiyo hiyo mbele ya leza nyekundu ni pambo, na mbele ya infraredi ni pambo vilevile mpaka namba zake ziseme vingine. Miwani ya jua si kinga: giza lake linatanua mboni na mwale unapita. Na miwani isiyo na namba usiijaribu kwa kuivaa na kutazama. Nimeona mtu anafanya hivyo. Nilimrukia.

Jambo hili linatuhusu mafundi simu kuliko tunavyokiri. Wenzetu wengi wana zile mashine za leza za kutolea vioo vya nyuma vya simu, na mwanga wake ni infraredi ya 1064. Mlango wa mashine una kioo maalumu na swichi ya kuizima ukifunguliwa. Rafiki yangu mmoja aliziba swichi kwa gundi ili afanye kazi haraka. Nilimpeleka kwa kalenda yangu, nikamwambia afumbe jicho la kulia na anieleze tarehe, akaziona zote. Nikamwambia, basi rudi ukaitoe gundi.

Binamu alitaka kuichukua tochi akaitupe baharini, nikakataa. Mtoto wa kaka yangu ana kipaji cha kuchora, na leza inachonga mbao vizuri. Sitaki akue akiiogopa kama jini. Kwa hiyo tulifanya jambo moja la kuchekesha: siku ya Jumamosi, mchana, madirisha wazi, leza haina betri, tukapita nyumba nzima ya bibi tukahesabu kila kitu kinachoweza kurudisha mwale. Yeye alishika kalamu na karatasi. Vioo vya samadari vitano. Kabati la nguo, kioo kimoja kirefu. Sinia ya shaba. Televisheni. Vioo vya madirisha. Vigae vya sebuleni, ambavyo kaka yangu alivisifu kwa kung'aa. Birika. Kijiko kilichosahauliwa kwenye meza, ambacho ndicho kibaya kwa kuwa kimepinda na hujui kitaurusha mwale wapi. Saa ya kaka. Pete yangu. Tulipofika thelathini na moja akasema, "Ami, hakuna pa kuimulikia humu." Tukaitafuta sehemu moja tu: ukuta wa nyuma uani, tofali tupu lisilopakwa rangi. Huko ndiko atakakochongea, mchana, kibao chini ya usawa wa kiuno, hakuna mtu mbele wala ubavuni, na miwani yenye namba nimeiagiza. Mpaka ifike, betri iko kwangu.

Uswisi, nchi ya yule mtoto wa miaka 15, mwaka 2019 walipiga marufuku kuuza na kuingiza kalamu za leza isipokuwa zile dhaifu za daraja la 1. Huku kwetu kwa sasa sheria ni betri yangu mfukoni.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nafanya kipimo alichonipa daktari. Ni daftari la hesabu la skuli, la miraba. Katikati ya ukurasa nimeweka nukta ya wino. Nalishika umbali wa kusomea, nafumba jicho la kulia, natazama nukta. Mistari inakuja imenyooka kutoka kila upande, halafu juu kidogo ya nukta, mkono wa kulia, miwili inapinda kama waya uliokanyagwa na mraba mmoja haupo. Mistari ikianza kupinda mahali papya, nirudi hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingine mtoto wa kaka yangu huwa amelala kwetu, na hupenda kunishikia daftari.

"Limehama, Ami?"

"Halijahama."

Anaandika tarehe pembeni, anaufunika ukurasa, anakwenda skuli.